Naomba ushauri: dafodili za aina gani zinafaa bustani ya Mbeya mjini?

Mama Tausi, Mbeya

Habari zenu, ndugu zangu wapenda bustani. Ninaishi Mbeya mjini, upande wa Isyesye, na uwanja wa nyumba yangu nimeupamba kwa maua ya kila namna tangu nilipostaafu. Waridi zinanikubali, agapanthasi zinanikubali, na glayoli huwa ninakata za kupeleka kanisani hadi majirani wanauliza ninazipa nini. Ua moja tu ndilo lililonishinda, nalo ni dafodili, lile la manjano au jeupe lenye kikombe katikati.

Miaka miwili iliyopita binti yangu aliniletea kutoka Uholanzi matunguu 24 yaliyoandikwa King Alfred. Yalinifikia mwezi wa Oktoba, nami nikayapanda Novemba mvua za kwanza ziliponyesha, kama ninavyopanda mahindi na kila kitu kingine. Nilichanganya udongo na samadi ya ng'ombe kwa ukarimu. Majani yalitoka vizuri sana, lakini vikonyo vilivyobeba maua havikuzidi urefu wa kidole, maua machache yakafunguka huku yamejificha katikati ya majani, na mengine yakakauka yangali ndani ya ganda lake, yakawa kama karatasi. Mwaka wa pili nilipofukua nilikuta zaidi ya nusu yameoza na kulainika kama parachichi lililopitiliza. Yaliyosalia yalitoa majani matupu.

Jirani yangu anasema kwamba huku kwetu ni nchi ya joto na hayo ni maua ya Wazungu, kwa hiyo niachane nayo. Mimi najiuliza, Mbeya na joto wapi na wapi, wakati Juni tunaota moto jioni? Naomba mnisaidie: nichague aina zipi? Je, ni kweli kwamba matunguu huwekwa kwenye friji? Nina pia kiwanja cha ukweni Makete ambako ningeweza kujaribu, na mdogo wangu aliyeko Kyela naye ameshaanza kuniomba mbegu.

Mwalimu Mstaafu, Njombe

Kamwene, Mama Tausi. Nimefundisha kilimo cha bustani kwa miaka mingi, na matunguu ya dafodili nimeyaozesha mengi kuliko wewe kabla sijaelewa kosa langu lilikuwa wapi, kwa hiyo usijilaumu.

Jirani yako amekosea kidogo na amepatia kidogo. Dafodili asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, hasa Hispania na Ureno, pamoja na Afrika ya kaskazini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi huwa kikavu kabisa. Tunguu hukua na kuchanua katika ubaridi wenye unyevu, kisha majani hukauka na tunguu hulala usingizi katika udongo mkavu wenye joto. Sasa tazama kalenda yetu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, na kipupwe cha Juni hadi Agosti huja kikiwa kikavu. Maana yake ni kwamba maji na baridi, vitu viwili ambavyo dafodili huvitaka kwa pamoja, kwetu havikutani. Ukipanda Novemba unalipatia tunguu maji mengi katika udongo wa vuguvugu, ambao ndio unaopendwa na kuvu la fuzari linaloozesha kitako cha tunguu, na samadi ulizoongeza zimelisaidia kuvu hilo kuliko zilivyolisaidia ua. Kipupwe kinapofika, mmea umekwisha kazi yake au umekufa.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia aina, geuza kalenda. Panda kati ya katikati ya Aprili na wiki za kwanza za Mei, mvua inapoaga, halafu mwagilia wewe mwenyewe mara moja au mbili kwa wiki hadi maua yaishe. Majani yaache yawe ya manjano yenyewe. Usiyakate na usiyafunge mafundo kama watu wapendavyo kufanya ili bustani ionekane nadhifu, kwa kuwa majani hayo ndiyo yanayolisha tunguu litakalochanua mwaka unaofuata, na huhitaji wiki 6 au zaidi baada ya ua kunyauka. Acha kumwagilia yanapoanza kugeuka rangi. Oktoba, na kwa vyovyote kabla ya mvua kubwa ya kwanza, fukua, kausha kivulini, kisha tundika katika mifuko ya wavu mahali pakavu penye hewa kama tunavyotunza vitunguu maji. Kufukua ni kazi ya ziada ambayo mtu wa Hispania haihitaji, lakini huku kwetu ndiyo tofauti kati ya kuwa na dafodili na kuwa na mbolea ya dafodili.

Nikija kwenye aina, Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kimezigawa dafodili katika makundi 13, na kwetu sisi la kuanza nalo ni la 8, yaani tazeta. Hizi hubeba maua madogo mengi kwenye kikonyo kimoja, hunukia, na hazihitaji kipindi kirefu cha baridi ili kurefusha kikonyo. King Alfred, ambayo ni ya mwaka 1899, ni ya kundi la 1, lile la tarumbeta, yaani lenye kikombe kirefu cha katikati, nalo hutaka wiki 12 hadi 16 ndani ya udongo usiozidi takriban nyuzi 9 za Selisiasi. Usiku wa Mbeya mwezi wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10, hilo ni kweli, lakini jua la mchana huupasha udongo moto tena, kwa hiyo tunguu halipati baridi ya mfululizo. Vikonyo vifupi ulivyoviona ndiyo dalili hasa ya tunguu lililonyimwa baridi. Na kwa kuongezea, mengi yanayouzwa siku hizi kwa jina la King Alfred si King Alfred halisi, bali ni aina nyingine za manjano zinazofanana nayo, ambazo zina mahitaji yale yale.

Anza na Paperwhite, nyeupe tupu, ambayo ndiyo isiyo na masharti kuliko zote. Ongeza Grand Primo, yenye maua ya rangi ya maziwa na kikombe cha manjano hafifu. Hiyo huko kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Louisiana na Texas, huonekana ikichanua kwenye viwanja vya nyumba zilizobomoka zamani, mahali ambapo hapana mtu wa kuitunza, na mimi huamini ushahidi wa namna hiyo kuliko picha ya kwenye katalogi. Avalanche na Erlicheer nazo ni nzuri. Erlicheer ina petali zilizorundikana kama waridi dogo, na ilijipatia sifa yake New Zealand. Ukitaka manjano iliyokolea, tafuta Soleil d'Or, yenye kikombe cha rangi ya chungwa. Hiyo hulimwa kwa biashara katika visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza, na wakulima wa huko waligundua kwamba wakichoma majani makavu juu ya mashamba wakati matunguu yamelala, maua huwahi kuchanua, kwa sababu moshi una gesi ya ethilini inayoyaamsha. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka marehemu bibi yangu aliyetundika mbegu za mahindi darini juu ya mafiga. Sijathubutu kumwambia mke wangu kwamba nataka kutundika maua jikoni, lakini tazeta ukizihifadhi mahali pa moshi hutazidhuru.

Kijana wa Gangilonga, Iringa

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama Tausi. Ninaongezea machache kwa upande wa Iringa mjini, ambako baridi yetu ni nafuu kuliko ya Mbeya na Njombe. Mimi huotesha miche na maua ya kuuza, na dafodili ninazo kwa msimu wa tano sasa.

Jambo la kwanza ambalo ningependa Mama alizingatie ni kwamba ua la mwaka wa kwanza si ushahidi wa chochote. Tunguu linalonunuliwa huja likiwa na ua lake limekwisha kuumbika ndani, lililolishwa na shamba lilikotoka, kwa hiyo karibu kila aina ya tazeta itakupa maua mara moja hata ukiipanda ndani ya bakuli la mawe. Kipimo ni mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza nilinunua aina 7 na zote zilinifurahisha, lakini kufikia msimu wa tatu zilizokuwa bado zinachanua kwangu zilikuwa Paperwhite, Grand Primo na Avalanche. Erlicheer ilinipa majani mengi na maua kidogo, ingawa nadhani niliibana kivulini kupita kiasi, na nitaijaribu tena penye jua.

Jambo la pili ni vyungu. Kama kufukua kila mwaka kunakuchosha, panda kwenye vyungu virefu au ndoo zilizotobolewa chini, kisha majani yakikauka sogeza ndoo zote chini ya upenu ambako mvua haifiki, na zikae hapo kavu hadi Aprili. Udongo wangu ni sehemu mbili za udongo wa kawaida, sehemu moja ya mchanga wa mtoni na sehemu moja ya mboji iliyoiva kabisa. Nyie wa Mbeya mna bahati ya kuwa na kokoto nyepesi za volkano, ambazo zinafaa kuliko mchanga wangu. Samadi mbichi siweki, ila majivu kidogo ya kuni huweka baada ya maua kwisha, kwa ajili ya potasiamu.

La tatu ni harufu na kimo. Paperwhite inanukia kwa nguvu, na si kila mtu huipenda, kwani wapo wateja wangu waliorudisha chungu siku ya pili wakisema sebule imekuwa na harufu ya zizi. Uwanjani haina shida. Ikioteshwa ndani, vikonyo hurefuka na kulala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walionyesha kwamba ukiiotesha kwenye mawe na maji, halafu chipukizi likifika sentimita 3 hadi 5 ukabadilisha maji hayo kwa maji yaliyochanganywa na pombe kali hadi mchanganyiko wote uwe na alkoholi ya asilimia 4 hadi 6, mmea hubaki mfupi kwa theluthi moja au hata nusu huku maua yakiwa na ukubwa ule ule. Kabla wenzangu wa Iringa hawajafurahi, niseme kwamba ulanzi haufai, wala bia, kwa kuwa sukari yake huharibu mizizi.

Mzawa wa Makete

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na Mwalimu katika mengi, isipokuwa sitaki Mama Tausi aondoke hapa akidhani kwamba tarumbeta na vikombe vikubwa haviwezekani kabisa katika mikoa yetu. Kijijini kwetu sakitu huanguka Juni na Julai hadi viazi vinaungua majani, na ukiamka asubuhi nyasi ni nyeupe. Mimi nimepanda Carlton na Ice Follies kwa misimu minne. Carlton ni ya manjano yote, na Ice Follies ni nyeupe yenye kikombe kipana cha manjano kinachofifia siku zinavyokwenda. Zote mbili ni za kundi la 2 na zinajulikana kwa kuvumilia baridi pungufu kuliko King Alfred. Vikonyo vyangu si virefu kama vya kwenye picha, hufika sentimita 25 hivi, lakini ua ni kamili, na hurudi.

Tatizo la Makete ni maji. Mtu huona ukungu na baridi akadhani udongo una unyevu, kumbe Julai ukichimba ni vumbi. Kama pale ukweni hapana mtu wa kumwagilia kila wiki kuanzia Mei hadi Septemba, Mama, usipeleke tunguu hata moja, kwa sababu baridi bila maji haitakupa chochote. Mimi huyaweka sentimita 15 chini, kina ambacho ni kama mara tatu ya urefu wa tunguu, halafu hufunika tuta kwa nyasi kavu ili udongo ukae baridi mchana. Panda kwenye mteremko, kamwe usipande bondeni ambako maji ya Machi husimama.

Ninaomba pia kusema neno moja kwa wanaopita hapa wakisoma. Tunaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji na wageni huiita Bustani ya Mungu, yenye aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Watu huja wakiwa na hamu ya maua, na wengine huondoka na vitunguu vya okidi mifukoni. Hilo ni kosa kisheria, na pia ni kazi bure, maana havioti ukivihamisha. Mwenye kiu ya kupanda tunguu na anunue dafodili.

Mama Tausi, Mbeya

Nimefarijika sana. Kumbe nimekuwa nikiyazamisha kwa upendo. Sasa nina maswali ya nyongeza. Kwanza, friji: Mwalimu hakunijibu. Pili, matunguu ya Uholanzi yanafika Oktoba, na ninyi mnasema nipande Aprili. Je, yatakaa miezi yote hiyo? Tatu, nina mbuzi wawili na wajukuu wanne, na nimesikia kuwa tunguu hilo ni sumu. Na mdogo wangu wa Kyela nimwambie nini?

Mwalimu Mstaafu, Njombe

Niwie radhi, friji niliisahau. Tazeta usiziweke kabisa, hazihitaji na huenda zikaharibika. Carlton na Ice Follies ndizo zinazofaidika, hasa kwako Mbeya mjini, ambako baridi haitoshi kama ya Makete. Ukishafukua Oktoba, yaache yapumzike kwenye joto la kawaida la nyumba hadi mwisho wa Januari, kwa kuwa ua changa huumbika ndani ya tunguu katika kipindi hicho. Kisha yaweke kwenye mfuko wa karatasi uliotobolewa, katika friji ya nyuzi 4 hadi 9, kwa wiki 14 hivi, na Mei yatoke moja kwa moja kwenda ardhini siku ile ile. Friji hiyo isiwe na matunda yanayoiva. Tufaa, ndizi na parachichi hutoa ile ile ethilini niliyoitaja, ambayo huiamsha tazeta lakini huua ua changa la aina hizi nyingine likiwa bado ndani ya tunguu. Nyumba nyingi za Njombe na Mbeya hazina friji isiyo na parachichi, kwa hiyo lifikirie hilo kabla ya kununua.

Kuhusu sumu, umesikia sawa. Tunguu lina kemikali iitwayo laikorini, inayosababisha kutapika na kuhara, na utomvu wa vikonyo huwasha ngozi ya mtu anayezikata kwa wingi. Kwa kuwa tunashauriana kuyatundika kama vitunguu, hatari kubwa ni mtu kuyakata mchuzini. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliyaandikia maduka makubwa ikiyataka yatenganishe dafodili na mboga, kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya. Tundika stoo, mbali na jiko, na andika kibao. Kwa sababu hiyo hiyo ninaufuta ule utani wangu wa moshi wa mafiga. Mbuzi kwa kawaida huyaacha majani, lakini usiwafunge karibu na tuta.

Kyela iko karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, ni joto mwaka mzima na Aprili hunyesha kweli kweli. Mdogo wako anaweza kuotesha Paperwhite kwenye bakuli mara moja na kuitupa. Kama anataka tunguu la kudumu, apande nyinyoro, lile lenye ua jekundu la mviringo kama mpira wa miiba, linalochomoza mvua zinapoanza. Ni la ukoo mmoja na dafodili, ni la kwetu, na kalenda yake haihitaji kugeuzwa. Lenyewe pia ni sumu.

Kijana wa Gangilonga, Iringa

Kuhusu ununuzi, Mama, sababu ya mimi kuacha kuagiza Uholanzi ni hiyo hiyo ya miezi. Matunguu yao hufukuliwa wakati wa kiangazi chao, Juni na Julai, na yakisubiri hadi Aprili yetu huwa yamenywea na kuwa mepesi kama maganda, ingawa Paperwhite huvumilia kidogo ikitunzwa kwenye joto. Afrika Kusini kipupwe chao ni miezi ile ile ya kwetu, na matunguu yao huuzwa kuanzia Februari hadi Mei, kwa hiyo yanafika yakiwa tayari kwa kupandwa. Kabla ya kuagiza, omba kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na muuzaji akupe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Mwaka juzi niliamini maneno ya msafirishaji mmoja aliyeniambia kuwa cheti si lazima kwa mzigo mdogo, na kilo 6 za matunguu zikaishia kuteketezwa mpakani.

Yakifika, bonyeza kitako cha kila tunguu kwa kidole gumba kabla ya kulipanda, na lililo laini usilionee huruma. Nina Grand Primo zilizozaa vichanga msimu uliopita. Oktoba nitakapofukua nitakuwekea 10, na ukipita Iringa uje uzichukue, ila uzitunze kavu na usizipande hadi mvua iishe, hata kama mkono utakuwasha.

Mama Tausi, Mbeya

Asante sana, mwanangu. Nitapita Novemba nikielekea Dodoma. Zile King Alfred 9 zilizobaki nimezifukua leo asubuhi, nimezibonyeza kama ulivyosema, na 4 ni ngumu. Nimezitundika stoo na kibao chake, na Januari zitaingia kwenye friji. Parachichi zimehamia kabatini.